Dume Mwekundu Anayeimbwa Redioni Hakuwa Wangu

Admin, ejok, yaani hujambo. Ficha jina langu, Lodwar nzima inanijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Kuandika nilijifunza darasa la ngumbaru, lakini kwa kuimba, kutoka Kainuk mpaka Kakuma hakuna mwanaume amewahi kunishinda. Hayo si majivuno, ulizeni.

Binti yangu wa mwisho anapiga gitaa la umeme. Yeye na wenzake watatu wa kambi ya Kakuma walianzisha bendi ya roki. Nilimwambia hizo ni kelele za jenereta. Miaka mitatu walipigia watu ishirini, na mbuzi. Halafu akachukua wimbo wangu wa ng'ombe, ule nimeimba tangu azaliwe, wa dume mwekundu mwenye pembe moja imeinama machoni. Wakautia magitaa. Sasa uko kila redio, Nairobi wamejaza uwanja, na nikipita sokoni watoto wa shule wananiita kwa jina la huyo dume. Nilitembea kifua mbele, sitawadanganya.

Shida ni hii. Kwetu mwanaume ana dume wake mmoja, anamtungia wimbo, na watu wanamwita kwa jina la huyo dume. Mtu mwingine haugeuzi wimbo huo kuwa wake. Sasa huyo mwekundu alikuwa wa rafiki yangu, aliyekufa kwa homa tukichunga karibu na Kainuk. Wangu mimi alikuwa wa kijivu, na wimbo wake mfupi, nikiimba watu wanaongea. Mwaka uliofuata, kwenye harusi Kakuma, mahali hakuna aliyemjua rafiki yangu, niliimba wake. Watu waliruka mpaka vumbi likafunika wazee. Kwa wa kijivu sikurudi tena.

Wiki iliyopita binti alikuja akicheka. "Baba, umaarufu una mambo! Mama mmoja mzee wa Lowarengak amenipigia simu. Ati, 'Mwambie baba yako, huyo dume nilimkamua mama yake kwa mikono yangu.'"

Nikasema, "Huyo ana wazimu. Achana na yeye."

"Siachani! Nimemtumia nauli. Jumamosi tunapiga hapa Lodwar. Utapanda jukwaani, Baba, umwimbie mpaka anyamaze."

Huyo mama ni mjane wa rafiki yangu.

Tangu siku hiyo sikai. Naenda mtoni, narudi, chai inapoa, natoka tena. Nikisema ukweli, binti yangu ataitwa mwizi mbele ya Kenya nzima, na yeye alichukua kwa baba yake, hakujua kitu. Nikiimba, yule mama atakuwa ameketi mbele pale, asikie umati ukiniita kwa jina la mume wake.

Na msiniambie nijifanye mgonjwa. Hiyo nimeshafikiria, na mimi sijawahi kukimbia watu. Ninyi mliosoma, nishaurini kabla ya Jumamosi: nikipewa hiyo maikrofoni, niimbe dume yupi?