Gari Letu la Sura Mbaya

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliharibikiwa na gari uani kwangu. Akafungua boneti, akachungulia, akapiga picha kwa simu, akaituma sijui wapi, kisha akarudi mezani kumalizia chai. Hata sijaondoa vikombe, bodaboda akapiga honi getini, boksi dogo mkononi. Kipuri kipya, kingali ndani ya nailoni yake. Mjukuu akakifunga, akajipangusa mikono, akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia sicheki. Lakini nilikuwa nacheka, rafiki yangu, na nusu ya kicheko hicho ilikuwa wivu, maana nilikuwa nimemkumbuka baba akiizunguka Kampala miezi mitano mizima na kipande cha mpira mfukoni, akikitafutia mwenzake.

Tulikaa Luzira, kwenye nyumba za wafanyakazi wa bandari, chini kabisa karibu na maji. Baba alikuwa fundi wa mitambo pale bandarini, mtu wa kaskazini, mrefu na mkimya. Mama alikuwa Muganda, mkunga katika hospitali ya misheni kule Nsambya, na maneno yake yaliwatosha wote wawili. Wakakutana katikati kwa Kiswahili, kile cha bandarini kisichojali sarufi, na ndicho tulichonyonya sisi watoto. Mbele ya nyumba majirani walianika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, na harufu yake iliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Nyuma ya nyumba baba alianika vyuma.

Enzi hizo wanajeshi ndio waliokuwa serikali, na barabarani ndio waliokuwa kila kitu. Kutoka Luzira hadi Nsambya kulikuwa na vizuizi viwili siku nzuri, vinne siku mbaya. Mabasi yalikuwa yamepungua hadi ukiliona moja unalipungia mkono hata kama huendi popote. Mama alitoka alfajiri na kurudi jioni, mara kwa miguu, mara kwa kudandia lori la mkate. Kisha nesi mwenzake, dada mmoja mchangamfu aliyekuwa akinisuka nywele, akatolewa ndani ya basi penye kizuizi na hakuonekana tena. Jioni ile mama alifika nyumbani ameshika viatu mkononi, akakaa kizingitini bila kusema neno. Mama kukosa maneno! Hapo nikajua tumo taabuni.

Kesho yake baba akaenda bandarini kuliomba gari.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la karani mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifanya kazi na baba bandarini. Wahindi walipofukuzwa nchini, karani yule alimwachia baba funguo na kadi ya gari, akamwambia, "Fundi, usiache life." Lakini lilikuwa limekaa nyuma ya ghala mwaka mzima, na watu walikuwa wamejichukulia vipuri. Hapakuwa na viti, pampu ya petroli, starta wala betri, na kuku alikuwa ametagia pale penye kanyagio za miguu. Msimamizi wa ghala alifurahi kuondolewa uchafu. Tulilisukuma hadi nyumbani mimi, baba, na jirani yetu askari wa magereza, naye jirani alicheka njia nzima. "Fundi," alimwambia baba, "hii gari iko maiti. Wewe nataka kuzika ama kufufua?"

Vipuri havikuwepo. Nataka uelewe neno hilo, kwa sababu mjukuu wangu nikimwambia hivyo anadhani nasema vilikuwa ghali. Havikuwepo. Maduka ya Kihindi yalikuwa yamegawiwa watu wapya, wakauza walichokikuta, na kilipokwisha wakauza hata rafu. Ndipo mji mzima ukazoea kutembea na vitu vibovu mfukoni. Kila mwenye gari, cherehani au redio alibeba kipande kilichoharibika, kimefungwa ndani ya leso, na popote watu walipokutana, kwenye foleni ya sukari, nje ya kanisa, hata msibani, leso zilifunguliwa. "Wewe una kama hiki?" "Sina, ila nimekiona sokoni Nakivubo." Nilimwona padri akitoa bolti mfukoni mwa kanzu. Hakuna aliyeona ajabu.

Kile kipande cha mpira kilikuwa cha breki. Mama ndiye aliyempata mwenye nacho, mama mmoja Mkongo aliyeuza makorokoro chini kwenye turubai pale Nakivubo. Kila wiki mama alimpelekea leso ya baba, na kila wiki yule mama alitikisa kichwa. Mwezi wa tano wa kutafuta akacheka kwa mbali alipotuona, akamwita mama daktari kwa Kiganda. "Musawo, kuya! Miye naliikamata! Bwana yako alale vizuri leo!" Mama alimkumbatia pale pale katikati ya watu.

Mengine baba aliyatengeneza. Ringi za pistoni alizikereza mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, kutoka kwenye bomba la chuma la mashine iliyokufa, akashinda njaa wiki tatu. Gasketi kubwa aliikata kwenye shaba ya mtambo uliopasuka wa kupikia waragi, ile pombe kali yetu. Gasketi ndogo alizikata kwenye maboksi ya sabuni, wakati sabuni yenyewe tulikuwa tukiisikia tu. Viti alishona mama kwa magunia ya kahawa, akavijaza nyuzi kavu za migomba, na mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa mbichi najiona nimekaa kiti cha nyuma. Pampu ya petroli ilishindikana kabisa. Kwa hiyo baba alifunga tangi dogo la pampu ya maji ndani ya boneti, juu kuliko injini, petroli ishuke yenyewe. Ubaya wake ni kwamba gari likisimama petroli iliendelea kushuka, kwa hiyo alitia bilula, bomba la kufungia, chini ya dashibodi, karibu na goti la abiria. Abiria alikuwa mama. Kuondoka anafungua, kufika anafunga. Alijisifu kwa majirani kwamba gari lina pampu yenye diploma ya ukunga.

Na mimi? Mimi nilisaga vali. Unashika kijiti chenye kikombe cha mpira, unakigandisha kwenye uso wa vali, unapaka unga wa jiwe la kunolea uliochanganywa na oili, kisha unapekecha kwa viganja, huku na huku, hadi vali ikae kwenye tundu lake bila hata unywele kupita. Baba alinitazama siku moja nikipekecha uji, akaniita, akanipa kijiti. "Usiangalie," aliniambia. "Sikia." Mwanzoni vali inakwaruza. Baadaye inanong'ona. Ikinong'ona, baba alimimina mafuta ya taa juu yake, tukachuchumaa kungoja kama yatapenya. Vali nane, likizo nzima ya shule, viganja vikatoka malengelenge. Vali ya nane haikupitisha hata tone. Baba alinipa mkono kama mtu mzima.

Siku injini ilipowaka, kwa hendeli, chuma cha kuizungusha kwa mkono, maana starta hatukupata kamwe, jirani askari alivua kofia. Iliunguruma polepole, laini, na kopo la chai mama alilokuwa ameliweka juu ya boneti halikutikisika. Sijawahi kusikia kitu nikakipenda hivyo.

Lakini kwa nje baba alikataa kuligusa. Boneti lilibaki na kutu, mlango mmoja alipaka rangi ya kijivu ya bandarini kwa brashi, tena ovyo makusudi. Kila mtu alijua sababu. Gari zuri lilikuwa linaondoka na wanajeshi, na mwenyewe akileta maneno aliondoka nalo. Mimi nilijua pia. Ila nilikuwa na miaka kumi na moja, na Jumapili ile kabla ya safari ya kwanza ya mama nilibaki peke yangu na masufuria ya kusugua. Nilisugua kwa jivu na limau, kama tulivyofundishwa wasichana wote, hadi ukajiona usoni mwake. Jivu likabaki. Nikalitazama bampa la gari letu. Nilitaka mama apande kitu cha heshima, basi. Nikasugua bampa la mbele, la nyuma, na vifuniko vinne vya magurudumu. Viling'aa, rafiki yangu, hadi nikafinya macho.

Asubuhi baba alipotoka nje alisimama. Hakunigombeza. Alichota tope karibu na mtaro, akaanza kupaka, nami nikapaka pamoja naye huku machozi yakinitoka. Mama alikuwa anachelewa zamu. Tukaondoka.

Kwenye kizuizi cha kwanza tulipita. Cha pili, mwanajeshi mmoja alitusimamisha, akalizunguka gari. Tope lilikuwa limekauka na kubanduka kwa mtikisiko, na bampa la nyuma lilikuwa linalichekea jua.

"Mzee, hii gari iko ya nani?"

"Iko yangu, afande."

"Kwa nini sura mbaya, lakini injini nalia muzuri hivi?" Akalipiga bampa kwa mtutu wa bunduki. "Na hii? Wewe naficha nini? Shuka. Wote, shuka!"

Mama alisema, "Afande, mimi ni sista wa hospitali. Kuna wamama wananingoja."

"Watangoja. Sista naweza tembea."

Mama aliinama kama anayetafuta mkoba. Mkono wake ulipita chini ya dashibodi mara moja, kisha akashuka, kagauni kake keupe hakana hata kunjo. Mwanajeshi akaketi juu ya magunia yetu ya kahawa, akamwamuru baba apige hendeli. Injini ilikuwa ya moto, ikaitika mara moja. Akaondoka, gia zikilia, wenzake wakimshangilia. Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa mtupu, nami nilitamani ardhi inimeze kwa sababu ya lile jivu langu.

Gari halikufika mbali. Petroli iliyokuwa imebaki ndani ya kabureta ilikwisha. Likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Mwanajeshi alishuka, akapiga hendeli hadi shati likalowa, kisha akafungua boneti. Tukamsikia akicheka kutoka kule alikokuwa. Akatuita.

"Nani fundi ya hii gari?"

"Ni mimi, afande," baba akasema.

"Hii nini? Debe! Waya! Karatasi ya sabuni! Hii ni kazi?"

Baba alitazama ndani ya boneti.

"Nakuuliza. Wewe najua kazi?"

"Hapana, afande. Mimi sijui kazi."

"Sema kwa nguvu, wale nasikia."

Baba aligeuka kuwaelekea wale wa kizuizini, akapaza sauti ambayo sikuwahi kujua anayo. "Mimi sijui kazi!"

Walicheka wote. Mimi nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia afande yule habari za ringi za pistoni, wiki tatu za njaa, mafuta ya taa yasiyopenya hata tone. Nilikuwa na hasira ya kuua. Mkono wa mama ukanishika bega, vidole vikaingia nyamani, nikafunga mdomo.

"Ondoa takataka yako kwa barabara," akasema yule mwanajeshi, akarudi zake kwenye kivuli.

Tukasukuma. Baba ubavuni akishika usukani, mama na mimi nyuma, na lile bampa langu likamchafulia mama gauni kwa tope lililobaki. Tulisukuma hadi tukapinda kona, nyuma ya mashamba ya ndizi. Mama akaingia, akainama, akafungua bilula. Baba akapiga hendeli mara moja tu. Injini ikanong'ona. Alisimama pale mbele ya boneti akiwa bado na hendeli mkononi, akanitazama, nami nikangoja maneno ya bampa.

"Umesikia vali zako?" akasema.

Mama alifika kazini kwa kuchelewa, akapokea mapacha kabla ya saa nne. Toka siku ile hatukulisafisha gari letu hata kwa mvua. Liliwatembeza wazazi wangu barabara ile hadi utawala ule ulipoanguka, na miaka kadhaa baadaye.

Siku hizi nikipita Luzira sioni nyumba zetu, zimejengwa nyingine, na watoto wanaocheza pale hawajui mukene zilianikwa wapi. Kule Nakivubo yule mama Mkongo aliondoka na turubai lake, sikujua alikokwenda. Hakuna tena anayefungua leso msibani, na sidai zile taabu zirudi, Mungu apishe mbali. Ninachokitamani ni ile mikono. Wanaojua kukereza ringi kwa kutazama ya zamani tu naweza kuwahesabu, na wengi wameshalala makaburini.

Baba naye amelala, nyumbani kwao kaskazini. Kwenye mazishi waliniomba niseme machache kwa niaba ya watoto. Nilikuwa nimeandaa karatasi, nikaikunja. Nikawaambia waombolezaji kwamba huyu mtu niliwahi kumsikia kwa masikio yangu akitangaza hadharani, mara mbili, kwamba hajui kazi, na kwamba mama yetu alirudi nyumbani kila jioni.