Viti vya Ngozi Nyekundu

Mume wangu Elisée anauza simenti pale Bel-Air. Suti ya harusi yetu aliichagua kabla sijamaliza kupiga chafya. Lakini alipoagiza gari la spoti, jipya kabisa, kutoka Ulaya, viti peke yake vilimhangaisha mwezi mzima. Analala na simu, anaamka na simu. Ngozi nyekundu ao ya kahawia? Uzi mweupe ao mweusi? Mwishowe akachukua ngozi nyekundu yenye vitundu vidogo vinavyopuliza hewa baridi mgongoni.

"Wivine, jasho imeisha!" akaniambia.

Gari likafika, viti vimefunikwa nailoni ya kiwandani. Nikanyoosha mkono niitoe. Elisée akapiga kelele kama nimemvua suruali sokoni.

"Weye! Bantu batajua namna gani kama iko mupya?"

Basi nailoni ikabaki, mwaka wa pili huu. Ukijigeuza kidogo inalia chakarachakara, na jasho linateremka mpaka kwenye soksi.

Jumapili tulimpeleka mama yangu misa. Yeye alikaa mbele, mimi nimebanwa nyuma. Mama akalalamikia joto. Elisée, kifua mbele, akabonyeza kitufe. Hewa ikakosa pa kutokea, nailoni ikavimba kama unga wenye chachu, na mama akapanda polepole mpaka kilemba kikagusa dari.

"Mukwe wangu," akasema, ameshika rozari, "zima hii kiti, ao toa hii plastiki."

Elisée akazima kiti.