Mama Majani na kijani alichokichora upya

Saa mbili asubuhi. Jua limeshafika mezani, lakini Mama Majani hajagusa brashi. Ameshika kitawi cha mpera kilichokatwa muda si mrefu, anakigeuza kuelekea dirishani, anatazama jani kwa juu, kisha kwa chini. Mbele yake kuna sahani nyeupe ya kauri, vikombe viwili vya maji na tyubu za rangi zilizominywa hadi zikajikunja.

Tyubu ya kijani iko karibu kabisa na mkono wake. Anairuka. Anachukua buluu, anaongeza manjano, kisha anachovya ncha ya brashi kwenye rangi ya udongo. Anapaka doa moja kwenye kipande cha karatasi na kusubiri likauke, maana rangi ya maji ikikauka hupauka kidogo. Ndipo analaza jani pembeni yake.

"Bado," anasema. Anarudi kwenye sahani.

Hakichukii kijani cha tyubu. Hukitumia kwa majani machanga na yale yanayong'aa baada ya mvua, ila hakiachi kitembee peke yake. "Kina makelele," anaeleza. "Ukikipaka kilivyo, jani linakuwa la plastiki. Nakitilia nyekundu kidogo tu, kinatulia, kinakuwa na adabu."

Mama huyu, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ndiye mchoraji wa bustani ya mimea. Mmea ukikaushwa ili uhifadhiwe, umbo hubaki lakini rangi hukimbia. Kila kitu huishia kuwa kahawia. Kazi yake ni kuiwahi rangi hiyo kabla haijaondoka. Wapo wanaomuuliza kwa nini asipige picha kwa simu yakaisha. Huwajibu kwa upole kwamba simu huona upande mmoja wa jani moja, wakati yeye anataka mgongo wa jani, mishipa yake, ua na tunda, vyote vikae kwenye karatasi moja.

Jina la Mama Majani alipewa na walinzi wa getini, waliozoea kumwona akipita na kapu la matawi. Limemkaa vizuri, ingawa mgeni mmoja aliwahi kumfuata hadi ofisini akitaka nusu kilo ya majani ya chai. "Nilimwambia yapo, ila ni ya kutazama tu," anasema, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Miaka mitatu iliyopita, kijani kilimponyoka.

Hakujua. Wakati huo alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: kuchora mimea yote ya kitabu ambacho wageni wangekibeba bustanini ili kuitambua miti na maua. Alichora mwaka mzima. Aliona majani yamefifia, akadhani ni ukame. Akawa anaongeza buluu kwenye sahani, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka aridhike.

Aliyeshtuka ni binti yake, mshonaji. Siku moja alikuja kumsalimia akiwa amevaa gauni jipya la zambarau alilojishonea mwenyewe. Mama akalisifia mshono, akasema rangi ya kahawia inampendeza.

Binti alidhani ni utani. Akampeleka dirishani, akamshikisha upindo wa gauni, akamuuliza tena. Jibu lilikuwa lile lile. Wiki ile ile walikwenda hospitali, na daktari akawaambia kwamba mama ana mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya jicho, katika macho yote mawili. Ukungu huo ulikuwa umegeuka manjano, na kila alichokitazama alikuwa akikiona kupitia humo.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipotolewa, anasema, aliuliza kama wamepaka ukuta rangi usiku ule. Sare ya muuguzi ilikuwa ya buluu kali hata akaomba aiguse. "Nilicheka, halafu nikalia," anakumbuka. "Binti yangu akaniuliza, mama, unaumwa wapi? Nikamwambia siumwi popote. Naona."

Furaha hiyo ilidumu mpaka aliporudi kazini na kufungua droo yenye picha za kitabu.

Mume wake, mtunza bustani mstaafu, alimkuta mchana amekaa sakafuni, picha zimemzunguka. Mzee anasema yeye aliziona nzuri, akamwambia hivyo. Mkewe hakubishana. Alichukua jani la mpera, akaliweka juu ya mpera aliouchora. Lile la mti lilikuwa na joto, lina manjano ndani yake. Lile la karatasi lilikuwa kama limemwagiwa wino.

"Akaniambia, baba, picha ni nzuri, ila mti huu haupo popote duniani," anasimulia mzee. "Hapo nikajua hatulali."

Haikuwa rahisi kumwendea mkuu wa bustani na kuomba kuzichora upya. Kitabu kilikuwa kinasubiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, na mkuu alikuwa ameshatangaza siku ya kukizindua. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa heshima kwamba wasomaji wengi wasingegundua. Mama Majani alimwomba jambo moja tu: atoke naye nje na picha yoyote aipendayo, waitafutie mti wake.

Walizunguka wawili. Mkuu mwenyewe ndiye aliyesimama chini ya mti, akalinganisha jani na picha. Mwishowe akasema atawapigia simu watu wa kiwanda na lawama atazibeba yeye.

"Yule alinifaa siku ile," anasema mama. "Angeweza kukataa, na asingekuwa na kosa."

Zaidi ya picha thelathini zilianzwa upya. Mzee alirudi bustanini kwa hiari, bila mshahara, kumkatia matawi asubuhi yakiwa bado na umande. Mmea mmoja utambaao ulikuwa umeshapukutisha maua. Wakausubiri hadi ulipochanua tena. Katikati ya kazi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto, akapumzika kama alivyoagizwa, akarudi mezani. Kuna siku kijani kimoja kilimlia asubuhi nzima. Kuna siku mkono ulichoka, akachana karatasi, akaenda zake nyumbani kupika.

Kitabu kilitoka kikiwa kimechelewa mwaka mzima. Siku ya uzinduzi, wakati wageni wakisikiliza hotuba, mzee alitoweka. Alirudi na majani mkononi, akawa anapita kiti hadi kiti, anafungua kurasa na kulaza jani juu ya jani. Watu walipouliza ni nani huyu, mama alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kwamba ni mume wake.

Zile picha za zamani hakuzitupa. Binti amezitundika dukani kwake, ukuta mzima wa majani ya buluu, na wateja huja na vitambaa wakitaka gauni la rangi ile. Mama hupita, huzitazama, hucheka. Anasema hazimuumizi tena kwa sababu alizichora upya kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa anapanga kitabu cha pili, na safari hii hakuna aliyemtuma. Anataka kuchora magugu: yale yaotayo pembeni mwa njia, kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya jiko. Ameshaanza na moja linaloota chini ya bomba la maji hapo nje, lenye kijani ambacho bado hajakipata.

"Watu wanayang'oa kila siku na hawajawahi kuyatazama," anasema, akisuuza brashi. "Nataka mtu afungue kitabu, aende uani kwake, aseme, kumbe wewe ndiye huyu."