Sura ya Kumi na Moja kwa Kifaransa

Agripina wa Kigoma ana kazi mbili: moja inamlisha, nyingine inamsahaulisha kula. Ya kwanza ni ukalimani, kuwasemea wanunuzi wa Kongo kwenye maduka ya jengo la Tianxiu, Guangzhou, maana Kifaransa alilelewa nacho kwa shangazi yake Bujumbura. Kwenye kupatana bei humwambii kitu. Ya pili ni riwaya ya Adhiambo.

Huyo Adhiambo ni Mkenya, mnunuzi wa mikoba kwenye viwanda vya Shiling nje ya jiji, na riwaya yake aliiandika kwa Kiingereza, kwenye simu, ndani ya basi. Jamani, watu wana vipaji! Agripina alipoimaliza alishika kichwa. "Dada," akamwambia, "hii lazima wanawake wa Kinshasa waisikie." Akaitafsiri kwa Kifaransa miezi minane, na kila Jumamosi mchana akawa anawasomea wateja wake ofisini kwake, wamekalia maboksi.

Ikafika sura ya kumi na moja. Binti yuko Guangzhou, mama yake anazikwa nyumbani, naye anayasikiliza mazishi kwa simu. Agripina akainua macho. Mbele yake alikaa Mama Ngalula wa Kinshasa, mwanamke mkali kama pilipili, aliyefiwa na mwanawe mwaka juzi naye yuko huku China anasubiri kontena la mizigo yake. Hakumzika.

"Niiruke?" akamnong'oneza Adhiambo, aliyekaa kando yake, kwa Kiswahili. "Itammaliza huyu mama."

"Ukiiruka hujatafsiri kitabu changu. Soma."

Na Adhiambo mwenyewe Kifaransa hajui hata cha kuombea maji! Agripina akasoma. Alipofika pale binti anapoomba simu isogezwe kaburini, ausikie udongo ukianguka, Mama Ngalula akasimama. Akamnyooshea Adhiambo kidole, akafoka.

"Anasemaje?" Adhiambo akauliza.

Agripina, aliyekwisha kutafsiri matusi ya soko zima bila kupepesa macho, alikwama. "Anauliza ni nani aliyekwambia. Anasema udongo ule aliusikia yeye, kwenye simu, na hajapata kumsimulia mtu."

Adhiambo akaziba mdomo. Mungu wangu! Yeye alitunga tu. Mama yake mzima wa afya, yuko Kisumu anauza samaki.

Agripina akayatazama makaratasi yake. Maneno yaliyozuliwa ndani ya basi yamepita kinywani mwake, yakamfikia mama aliyeyapitia. Aliogopa, na alifurahi, vyote pamoja.

Mama Ngalula akakaa tena, akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Rudia," akasema. "Anzia pale anapoomba simu. Safari hii usiharakishe."