Mfuga Radi

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni fundi wa kuchomelea, la pili likamlaza juu ya vyuma vyake. Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi walimbandika jina Sumaku, alifika mbio akamkuta shemeji yake anatema damu na meno, na nusu ya darasa lake wamemzunguka, mawe mkononi.

Jana yake radi ilikuwa imemuua golikipa wa shule, ameegemea mlingoti wa goli mvua ikinyesha. Magoli hayo ya chuma yalitoka kwa fundi huyu.

"Wekeni mawe chini! Radi ni umeme. Si tumeisoma wiki nzima?"

"Tumeisoma, mwalimu," alijibu kiranja, aliyeongoza mtihani wa somo hilo. "Wewe ndiye uliyesema chuma kinapitisha umeme. Basi huyu ndiye aliyeichongea njia. Kutwa anacheza na cheche, macho kayaficha nyuma ya miwani nyeusi. Anafuga radi!"

Somo lilikuwa limewaingia, tena barabara. Ila lilikuta nyumba ina wenyewe, likapewa chumba cha uani.

Sumaku akajitosa katikati. Nondo ikamshukia begani, mkono ukaning'inia kama wa kuazima. Nyuma yake petroli ilimwagwa mgongoni mwa fundi, na kiranja akatoa kiberiti.

Lakini Sumaku alikuwa amekulia sokoni, miguuni pa mama muuza mitumba, na alijua kwamba mnunuzi hafundishwi, huuziwa anachokitaka.

"Haya, anafuga!" alipaza sauti. "Mchomeni. Ila mfugaji akifa, mifugo itamfuata nani? Sura zenu keshaziona zote. Nani ana ubavu wa kulala chini ya bati leo? Kiranja, washa, baba. Anza wewe."

Kijiti cha kiberiti kilimvunjikia kiranja vidoleni. Mmoja akarudi nyuma, wa pili akafuata, kisha wote wakatimka wakikanyagana getini.

"Si niliwaambia!" kiranja alipiga kelele akikimbia. "Hata mwalimu anajua!"

Fundi alijiinua kwa kiwiko, midomo imefura. "Shemeji, umenimaliza. Nani tena ataniletea hata mlango wa banda la kuku?"

"Maiti haletewi chochote," alisema Sumaku, akimvuta kwa mkono uliobaki mzima. "Vua hilo shati, linanuka petroli."