Mstari Mmoja Tu

Jumatatu, kwenye zahanati moja huku Kisiwani, tambarare chini ya milima, bibi aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliyakataa majibu. Kipimo cha malaria, chenye tone la damu ya mjukuu wake, kilikuwa mezani kikionyesha mstari mmoja tu.

"Bibi yangu, mtoto hana malaria," muuguzi akasema.

"Hana? Na moto wote huu? Tumeshuka kutoka Suji juzijuzi. Mtu wa milimani akishuka huku, malaria lazima. Nipe dawa mseto niende zangu. Hicho kipimo chako kibovu!"

Foleni nzima ikaguna kumuunga mkono. Kwetu homa ni malaria. Tukiambiwa siyo, tunajiona tumedhulumiwa. Mimi nami niliguna, na mkono ulishaingia mfukoni, kwenye vidonge vya mseto nilivyobakiza mwezi uliopita nilipojiona nimepona. Nilitaka nimpe bibi akitoka.

Muuguzi akamsogelea mtoto. Alimfungua mtoto kanga, akawa anatazama mara kifua, mara saa ya ukutani, huku midomo ikihesabu pumzi. Kifua kilikwenda mbio, na kila pumzi mbavu zilibonyea ndani.

"Bibi, hii ni nimonia," akasema kwa sauti ya chini, akachukua simu kuita gari la kumpeleka hospitali ya Same.

Bibi akakaa chini taratibu. "Kwa hiyo angenifia mkononi, huku nampa mseto?"

Muuguzi alikuwa anaongea na dereva. Jibu nilikuwa nalo mimi, mfukoni.