Mama Mikataba na Kona ya Dirishani

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Mikataba, na hawakukosea. Amefundisha historia miaka thelathini, na ukimwamsha usingizini ukamtajia vita, atakuambia vilianza lini, vilikwisha lini na nani alitia sahihi. Ajabu ni kwamba mwenyewe hawezi ugomvi hata wa dakika tano. Kwao walizaliwa tisa, yeye wa katikati, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuamua nani alale upande wa ukutani. Mara nyingi aliamua kwa kwenda kulala chini yeye. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," husema, na neno hilo limemponza mara nyingi kuliko homa.

Chumba cha walimu pale shuleni kina meza moja ndefu ya watu sita. Hakuna aliyechora mstari. Mipaka ni marundo ya madaftari. Rundo lako linapoishia, ndipo nchi yako inapoishia. Sasa mwalimu wa hisabati, ambaye wanafunzi humwita Kipeuo, ana marundo mengi kuliko wote, maana mazoezi yake ni ya kila siku ya Mungu. Bwana huyu hagombi. Hukujia na tabasamu lake lote: "Shikamoo dada, nisogeze kidogo tu, leo nina kidato cha pili kizima." Ikifika Ijumaa umebaki na mahali pa kuweka kiwiko, tena kimoja.

Mama Mikataba alimpa shubiri moja. Akampa ya pili. Mwezi haujaisha akawa anasahihisha insha mapajani, na ukimuuliza anasema hana shida, anapenda kukaa hivyo.

Kona ya dirishani, hata hivyo, haikuwa yake. Ilikuwa ya mwalimu wa baiolojia, binti aliyemfundisha mwenyewe zamani, na siku hizo yuko nyumbani kwa likizo ya uzazi. Siku ya kuondoka, tumbo limemtangulia mlangoni, aligeuka akasema, "Mwalimu wangu, niangalizie kona yangu." Mama Mikataba akaapa kuilinda. Kona hiyo ina kabati pekee lenye kufuli na soketi pekee inayofanya kazi chumba kizima. Mwenye soketi ndiye mwenye birika la chai, na mwenye birika, jamani, ndiye serikali.

Muhula huo redio ya pale juu ya kabati ilikuwa na habari moja tu: nchi kubwa imevuka mpaka na kumeza jimbo la jirani yake mdogo. Kila mapumziko walimu walibishana.

"Si wampe tu hicho kipande, watu waache kufa," alisema Mama Mikataba.

"Kipande cha nani?" akauliza mwalimu wa michezo, mdomo umejaa mkate.

"Cha... jamani, wampe tu yaishe!"

Siku iliyofuata Kipeuo aliweka rundo lake la kwanza kwenye kona. La pili likafuata. Akatangaza kwa upole kwamba asipopewa kona ile atasimamisha mazoezi yote, na wazazi watakuja kuuliza. Mwalimu mkuu akaingiwa na baridi. Kikaitwa kikao cha suluhu: mwalimu mkuu, mwalimu wa michezo, Kipeuo na Mama Mikataba, ambaye ndiye aliyeandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri. Kona iwe ya Kipeuo, naye hatadai tena hata shubiri. Wakatia sahihi wote wanne. Mwalimu mkuu akawamiminia chai.

Alirudi nyumbani anaelea. Mumewe, fundi saa, alikuwa mezani na kioo chake jichoni.

"Amani, baba watoto! Amani!" Akaipunga karatasi hadi vispringi vya saa vikaruka.

"Hongera, mama. Kwa hiyo umerudishiwa sehemu yako?"

"Aa, hiyo hapana."

"Sasa umepata nini?"

"Si nimekuambia? Amani!" Fundi akapiga magoti kutafuta vispringi vyake.

Jumatatu Kipeuo alikuwa na ufunguo wa kabati mfukoni na simu yake kwenye soketi, birika likapoa. Jumatano rundo jipya likatua mbele ya mwalimu wa michezo. Na Jumatano hiyohiyo, kwa mujibu wa mtaala, kidato cha nne walikuwa wamefika mwaka 1938.

Somo hilo Mama Mikataba hulifundisha bila kitabu. "Basi wakubwa wanne wakakutana Munich," alianza, chaki inakimbia, "wakamkatia mmoja wao kipande cha Chekoslovakia, naye akaahidi hatadai tena. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na ngome za mpakani. Miezi sita haijatimia akameza kilichobaki, tena bila jasho. Na Wachekoslovakia wenyewe walikuwa wapi wakati wanagawanywa? Nje! Wanasubiri kuambiwa. Wakubwa wanne..."

Chaki ikakatika. Alisimama akihesabu kwa vidole: mkuu, michezo, Kipeuo, mimi. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashikilia ubao, machozi yanamtoka, na darasa zima likacheka bila kujua linacheka nini.

Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, walikuwa waoga?"

"Wengine," alisema akijifuta macho. "Wengine walichoka kuzika watu. Wengine hawakuwa na ndege za kutosha. Kutaka amani si kosa, mwanangu. Kosa ni kuilipia kwa kitu cha mwenzako. Na asije mtu akampiga jirani yake kwa kugusa dawati, akasema nimemruhusu mimi!"

Kengele ilipolia alikwenda moja kwa moja chumba cha walimu. "Kaka," alimwambia Kipeuo, "ile kona sikuwa na haki ya kukupa. Itoe."

"Lakini dada, sahihi yako hii hapa." Kipeuo akatabasamu. "Ugomvi wa nini? Si madaftari tu?"

"Kama ni madaftari tu, yatahama."

Mwalimu wa michezo akatazama nafasi yake iliyomezwa, akatazama birika lililopoa, akasimama akabeba rundo moja. Mwalimu mkuu akapokea, akampa wa pembeni, na madaftari yakaanza kupita mkono kwa mkono hadi stoo huku watu wazima wakicheka hovyo. Kipeuo aliangalia pembeni. Alipoona yuko peke yake, akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani. Chai ilichemka kabla ya kipindi cha tano, na Mama Mikataba akanywa vikombe vitatu akiwa amesimama, kwa furaha tu.

Baada ya wiki mbili mwalimu wa baiolojia akarudi. Akakuta kona imefutwa vumbi, inang'aa. Angeweza kunyamaziwa, lakini Mama Mikataba alimkalisha akamsimulia yote, mpaka vispringi vya saa. Binti alicheka akajishika mbavu, kisha akamgeukia.

"Mwalimu wangu, si ungenipigia tu simu?"

"Ungesemaje?"

"Ningesema usimpe."

"Ndiyo maana sikupiga," akasema Mama Mikataba.